Waliponichora Mzuri, Nililia

Katika nyumba niliyoolewa, hapa Kasongo, Jumapili tukishatoka kanisani na kula, tunachorana. Si kwenye karatasi, maana karatasi ni ya wanafunzi. Tunachorana kwa makala, yaani makaa ya jikoni, kwenye ukuta wa nyuma, ule ambao mama mkwe wangu anaupaka pemba, udongo mweupe wa bondeni, kila kiangazi. Mmoja anakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, mwingine anasimama na kipande chake cha makala, na wengine wako kwenye mkeka, kazi yao ni kucheka tu. Sheria kubwa ni kwamba usimpendezeshe mtu. Akiwa na pua kubwa, mpe pua ya kujaza ukuta. Akiwa na meno ya mbele yaliyoachana, pitisha ng'ombe katikati.

Tena si kila mtu anamchora kila mtu. Shemeji na shemeji wanachorana, wajukuu na babu zao wanachorana, binamu ndiyo usiseme. Lakini mke wa mtoto hamchori mama mkwe, na mama mkwe hamchori mke wa mtoto. Hiyo ni heshima. Mama mkwe wangu alikuwa anakaa pembeni na ungo wake akipepeta mchele, anajifanya haoni, ila mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Naandika kwa ajili yako wewe unayeficha doa chini ya kitenge na kusema ni ukurutu tu. Hata mimi nililificha. Leo niko mzima, nalima mpunga wangu, napika, nagombana na watu kama kawaida. Basi kaa, nikusimulie ilivyokuwa.

Ilianzia palepale ukutani, wakati wa kuvuna mpunga. Siku hiyo nilikuwa namchora Kitenge, mdogo wa mume wangu, mtu mwenye maneno mengi kuliko redio. Kipande changu kilivunjika. Nikaingia jikoni haraka, nikachukua kingine kwenye mafiga, nikarudi kuendelea na sikio lake. Nikachora, nikachora. Wifi yangu Mwamini akainua pua.

"Kitu iko naungua," akasema. "Mumeacha nyama ku moto?"

Hakukuwa na nyama. Kitenge akanitazama mkono, akaruka kutoka kwenye kinu.

"Shemeji! Tupa! Ile makala ingali na moto!"

Nikatazama. Kweli, ncha ya upande wangu ilikuwa nyekundu, na kidole changu kidogo pamoja na mwenzake wa jirani vilikuwa vinatoa moshi. Nikaitupa. Sikusikia kitu. Siyo kwamba nilivumilia, hapana, sikusikia kitu kabisa. Kisha Kitenge akapiga makofi, akainua mkono wangu juu kama wa mshindi wa mpira.

"Bandugu! Muone mama ya Riziki! Huyu moto haimuwezi!"

Wakashangilia. Na mimi, nisikudanganye, nilifurahi. Mama mkwe akaacha ungo wake, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata mama yake mzazi alikuwa na mkono wa namna hiyo, mkono wenye baraka ya jiko, na kwamba haupewi kila mwanamke. Tangu nimeolewa hakuwahi kunisifu mbele ya watu. Nikaona nimefika.

Basi nikawa mwanamke asiyeungua. Kwenye matanga na kwenye harusi waliniita niepue masufuria, yale makubwa ya wali wa watu wengi, bila kitambaa. Watoto walikuja kutazama. Kuna harusi moja baada ya Pasaka, niliepua sufuria ya mafuta ya mawese inayochemka, akina mama wakanipigia vigelegele kuliko bibi harusi. Kwenye mkono huohuo, juu kidogo ya kiwiko, kulikuwa na doa jeupe-jeupe lisilowasha wala kuuma. Mgongoni yalikuwa mengine, mume wangu ndiye aliyeyaona. Tukasema ni joto. Nani angeunganisha doa na baraka?

Kiangazi kilipoingia, kile kidole kidogo kikaoza. Kilikuwa hakiniumi, ndiyo maana nilikiacha. Nilikifunga kipande cha kitenge, nikaendelea kutwanga. Ni harufu iliyonipeleka sante, kituo chetu cha afya, si maumivu. Na hata hiyo harufu, Mwamini ndiye aliyeniambia, kwa adabu, akiwa ameziba pua.

Muuguzi wa pale, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinifungua kidonda akauliza, "Uliungua lini, mama?"

"Mimi siungui," nikamjibu, na kiburi changu chote.

Akaweka kalamu chini. Akanitazama usoni, akanitazama masikio, akanigusagusa nyuma ya kiwiko mahali ambapo, akibonyeza, niliruka. Kisha akachomoa pamba kidogo.

"Funga macho. Nikikugusa, unionyeshe mahali."

Nikafunga. Nikangoja. Nasikia watoto wanalia nje kwenye mizani, nasikia jogoo wa jirani. Nikachoka kungoja, nikasema, "Daktari, anza basi."

"Nimeshamaliza, mama," akasema.

Alilitaja jina la ugonjwa polepole, ukoma, na mimi nikacheka kwanza, maana nilifikiri wakoma ni watu wa zamani, watu wa katika Biblia. Yeye hakucheka. Akasema dawa iko, ni ya bure, ni mwaka mzima, na kwamba nikianza tu kumeza, haitapita muda nitakuwa siambukizi mtu. Hilo alilirudia. Nilikuwa natikisa kichwa, kumbe sisikii, nawaza tu nitasema nini nyumbani.

Nilisema kweli. Ningesema nini kingine? Mume wangu alikuwa Lusangi, kwenye machimbo ya dhahabu, anakouza mchele kwa wachimbaji. Niliyemkuta nyumbani ni mama yake. Nikapiga magoti kama ilivyo desturi, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akamchukua Fina, kitinda mimba wangu, aliyekuwa ameegemea paja langu, akampakata.

"Huyu atalala kwangu," akasema. "Na wewe utakula ku sahani yako. Dawa ikiisha, tutaona."

"Tutaona nini, mama?"

"Tutaona kama utabaki ao utarudi kwenu."

Kwetu ni Wamaza, kule Kabambare, pikipiki siku nzima kama njia haijaharibika. Baba yangu angenipokea. Lakini watoto wa mtu hapa ni wa ukoo wa baba yao. Ningeondoka na sanduku, watoto wangebaki. Ndilo hilo lililonitesa mwaka ule, kuliko kidonda, kuliko doa. Kila nilipofungua kidonge nilisikia lile neno lake: tutaona.

Dawa zinakuja katika plakete, yaani pakiti za vidonge, moja kwa mwezi. Vidonge vya kwanza unameza mbele ya muuguzi, vingine unaenda navyo. Siku ya kwanza nilirudi nyumbani, nikaenda haja ndogo, nikapiga kelele mpaka jirani akaja mbio: mkojo mwekundu! Nilidhani natoka damu yote. Muuguzi alikuwa ameniambia ni rangi ya dawa, ila wakati huo nilikuwa sisikii. Wewe nakuambia mapema, usije ukatisha watu bure.

Mume wangu alirudi wakati mvua za kwanza zinaanguka. Alikuwa ameshasikia huko huko Lusangi. Habari mbaya haihitaji pikipiki. Nilimwandalia bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani yake, nikaenda kukaa kule mlangoni pa jiko na sahani yangu. Akainuka na kigoda chake, akaja, akaosha mikono, akaingiza vidole katika bugali langu. Si mtu wa kusema. Mama yake alikuwa anatutazama kutoka barazani. Tukala mpaka tukagusa chini ya sahani, na mimi machozi yalikuwa yanaingia kwenye sombe. Lakini hakuweza kumpinga mama yake kuhusu Fina. Alijaribu, wakakosana, wakanuniana wiki nzima, mwisho nikamwomba aache. Sikutaka niwe sababu ya nyumba kupasuka.

Benchi la sante nalo lina mambo yake. Akina mama wenye watoto wanakaa upande huu, na wakishajua umekuja kwa plakete gani, wanasogea, wanasogea, mpaka wa mwisho anakaa nusu tako. Mwezi wa pili wa dawa nilikuta mzee mmoja wa Nyangwe, mchonga mitumbwi, amekaa peke yake upande wa pili, amenyoosha miguu yote miwili. Akanipungia mkono.

"Karibu, mama. Huku kwetu nafasi iko ya kutosha. Hata kulala utalala."

Nilicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu kiangazi. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kila jioni, kabla jua halijazama, nikague mikono na miguu kidole kwa kidole. "Mikono yetu imekuwa na siri," alisema, "inaumia na haikwambii." Nikakuta miiba. Nikakuta malengelenge. Siku moja nikakuta msumari mdogo katika kandambili, na ulikuwa umeingia. Wewe pia ukague, nakuomba. Na masufuria, shika kwa kitambaa, hata wakupigie vigelegele namna gani.

Wakati wa kumbikumbi, ngozi yangu ikaanza kubadilika. Ile dawa inakufanya mweusi, tena mweusi wa kukolea, mwekundu-mwekundu kwenye mashavu, mpaka nikijitazama katika kioo cha Mwamini nasema shikamoo. Kisha ikaja homa na mkono kuvimba, na safari hii uliniuma, jamani, uliniuma mpaka nikashukuru. Muuguzi akaniongezea vidonge vingine. Uvimbe ulishuka, lakini kidole kidogo na mwenzake vilibaki vimejikunja, havinyooki. Nilijifunza kushika jembe upya. Riziki, binti yangu mkubwa, alinifungia kitambaa kwenye mpini.

Na ukuta? Waliendelea, lakini bila mimi. Kwanza walinyamaza Jumapili kadhaa, halafu wakaanza tena kidogo kidogo, na mimi nikiwa mlangoni pa jiko na sahani yangu, nawasikia. Unajua mchezo huu unataka watu wakaribiane. Anayechora anakuja mpaka mbele yako, anakuchunguza jicho, anarudi ukutani, anakuja tena. Nani angekuja mbele yangu namna hiyo?

Jumapili moja, plakete ya sita nadhani, Kitenge akasema kwa sauti kubwa, "Leo namuchora shemeji yangu!" Nikaanza kuinuka. Akanyoosha kiganja: "Hapana, baki hapo hapo, nakuona vizuri." Akachora akiwa kule, mimi nikiwa huku. Alipomaliza wakanipisha nitazame.

Ee Mungu wangu. Alikuwa amenichora shingo ndefu. Macho makubwa yenye kope. Midomo midogo, imetulia, na mikono imewekwa chini ya kitenge isionekane. Hakuna aliyecheka. Wote wakasema, "Muzuri sana, muzuri," kama watu wanaotazama picha ya marehemu.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Si ni wewe, shemeji."

"Mimi niko na shingo?"

Kitenge akatazama chini. Mtu ambaye miaka yote alinichora kama chura aliyemeza boga, leo amenipa shingo. Niliingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia vibaya sana. Walisengenya huko nje kwamba mgonjwa amekuwa na hasira. Hasira nilikuwa nayo, sikatai. Lakini nilikuwa nalia kwa sababu niliona wameshanizika. Mtu akiwa bado wako unamcheka.

Baada ya hapo alinichora mara mbili tatu, kila mara mzuri kuliko mara ya kwanza, na mimi nikasema asante kwa adabu. Nilimchukia Kitenge kwa uzuri ule. Nilimwambia mume wangu, akacheka kidogo, kisha akaona sichezi, akaacha.

Muuguzi alikuja nyumbani mara moja, wakati wa mvua za mwisho, akawavua watoto nguo, akawakagua mgongo na masikio, akamkagua mume wangu, na hata mama mkwe alikubali kufunuliwa mkono. Wote wazima. Mbele yao wote akanishika mkono wangu uliojikunja, akausugua kwa mafuta ya mawese kunionyesha ninavyopaswa kufanya, akaomba maji ya kunywa, akanywa kwenye kopo langu. Sijui kama alifanya makusudi. Mama mkwe alilitazama lile kopo muda mrefu. Lakini Fina aliendelea kulala kwake, na neno lilikuwa lilelile, tutaona.

Plakete ya mwisho niliimaliza kiangazi kikiwa kimekauka vizuri, barabara ni vumbi tupu. Muuguzi akanipa mkono, akasema nimemaliza, nimepona, niendelee kuja wanitazame mikono. Vidole havitanyooka, alisema, ila ugonjwa umekwisha. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi peke yangu. Nilifurahi na niliogopa vyote kwa pamoja. Dawa imekwisha. Sasa wataona.

Nilipofika nyumbani nilisema, "Nimemaliza." Mume wangu akasema, "Asante Mungu." Mama mkwe akaitika kwa koo tu, "Mmh," akaendelea na kazi yake. Wiki ile alikuwa anapaka ukuta. Picha zote za mwaka ule, na yule mwanamke wa shingo ndefu, akazifunika kwa pemba, ukuta ukawa mweupe.

Jumapili yake tulikula. Nilikula kwenye sahani yangu mlangoni, sikutaka kujipa nilichokuwa sijapewa. Kitenge akachukua makala, akaanza kwenye ukuta mpya. Nikaona mkono wake unavuta mstari wa shingo, mrefu, mzuri. Nikageuza uso.

"Ebu leta hiyo makala," mama mkwe akasema.

Kitenge akafikiri hakusikia vizuri.

"Leta, nasema. Mwaka muzima uko namudanganya mutoto wa watu. Hata macho huna. Wewe, mama ya Riziki, kuja hapa, ukae."

Nikaenda nikakaa kwenye kinu. Mwamini akaweka mkono mdomoni. "Mama! Na heshima?"

Mama mkwe alikuja mbele yangu. Akaja karibu kabisa, mpaka nikasikia harufu ya pemba kwenye kanga yake, akanishika bega, akanitazama jicho moja, kisha la pili, kisha masikio, kisha akauinua mkono wangu na kuugeuza juu chini. Tangu kiangazi kile kingine hakuwahi kunigusa.

Akaenda ukutani. Hajawahi kushika makala ya kuchora maisha yake yote, na ilionekana. Akachora duara, akalijaza lote kwa kusugua, likawa jeusi tii, kwa sababu nilikuwa nimekuwa mweusi. Shingo hakuweka. Masikio akaweka mawili, moja juu kuliko lingine. Mdomo akaufungua wazi, mtu anayegombana. Halafu, kwa nguvu, mpaka makala ikalia kwenye ukuta, akachora mkono, na katika mkono ule vidole viwili vilivyojikunja, vikubwa, vya kujaza upande wote ule.

Watu wakanyamaza kabisa. Kitenge alikuwa anatazama miguu yake.

"Munanyamaza nini?" akasema mama mkwe. "Vidole vyake viko vile. Pua yangu munaicheka kila siku nyuma ya mugongo, munafikiri sijue? Muvicheke na hivi."

Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikashuka.

"Walisema heshima. Kukaa mbali na wewe haikukuwa heshima, mama. Nilikuogopa. Sasa nimekutazama karibu, nimeona ni wewe tu, na kelele yako."

Sijui nani alianza. Nafikiri ni mume wangu, yeye asiyesema. Alitoa kicheko kimoja cha ghafla, kisha Riziki, kisha Kitenge akaanguka kwenye mkeka akipiga miguu, "Chura! Chura amerudi!" Na mimi nikacheka mpaka kinu kikapinduka, nikakaa chini kwenye vumbi, nikacheka huku nalia. Ilikuwa picha mbaya kuliko zote zilizowahi kuwekwa kwenye ukuta ule.

Nilipoinuka, mama mkwe alikuwa ameshasimamisha kinu na kukikalia yeye mwenyewe, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, amenyoosha mgongo. Akaninyooshea kipande cha makala.

"Haya. Na wewe."

Fina alikuwa amekuja nyuma yangu, ananing'inia kwenye kitenge, na hakuna aliyemwita arudi. Nikapiga hatua mpaka mbele ya mama mkwe. Alikuwa amegeukia kivulini, sikumwona vizuri. Nikamshika kidevu kwa mkono ule uliojikunja, nikamgeuza uso kwenye mwanga. Hakurudi nyuma.

"Usinifanye muzee sana," akasema.